Somo: Kumleta mzee darasani afundishe, asiwe pambo

Siku ya utamaduni ndiyo njia ya mkato. Ngoma zinapigwa, mzee anapewa kipaza sauti kwa dakika chache, picha zinapigwa, na kesho yake vipindi vinaendelea kana kwamba hakuja. Somo hili ni la mwalimu anayetaka maarifa ya wazee yaingie ndani ya kipindi, yafundishwe na yapimwe kama mengine.

1. Anza na mada, mgeni baadaye. Fungua silabasi utafute mahali ambapo wenyeji wanajua kuliko kitabu: udongo, maji, nyota, mimea, upepo. Chukua matetemeko ya ardhi. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilipigwa na tsunami mwaka 1907. Walionusurika walilitia funzo lao katika hadithi na nyimbo za watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani, msisubiri. Wenyewe huliita *smong*. Tarehe 26 Desemba 2004 kisiwa hicho kilikuwa karibu na kitovu cha tetemeko lililoleta tsunami nyingine, lakini kati ya watu wapatao 78,000 walikufa 7 tu. Ukifundisha mada hiyo kwa mchoro wa mabamba ya ardhi peke yake, nusu yake umeiacha nje.

2. Tafuta mwenye elimu. Mvi peke yake haitoshi. Uliza watu mbalimbali: mvua ikichelewa, nani huulizwa? Mnyama akiugua, nani huitwa? Jina likijirudia, umempata. Tena usiishie kwa wanaume wenye maneno mengi. Elimu ya mbegu, uzazi na chakula mara nyingi iko kwa kina bibi, na wao hawajitangazi.

3. Nenda kwake kwanza. Usimtumie barua kupitia mwanafunzi. Ziara ya kwanza ni ya kusikiliza, daftari likae mkobani. Uliza elimu huombwa vipi kwao, na huombwa majira gani. Miongoni mwa mataifa mengi ya asili ya Amerika Kaskazini, hadithi fulani husimuliwa majira ya baridi tu. Ukizipangia ratiba ya Julai utakataliwa, na watakuwa na haki.

4. Kubalianeni kabla ya neno la kwanza. Hapa ndipo shule nyingi huharibu. Yapo maarifa ya watu wote, yapo ya ukoo mmoja, na yapo ya aliyepitia mafunzo maalumu peke yake. Mwenye kupanga mpaka ni yeye, si wewe. Muulize: Nini kisiandikwe? Sauti yako irekodiwe? Ikirekodiwa, nani ataitunza, na nani atakuwa na ruhusa ya kuifuta? Dawa za miti ndizo zinazohitaji hadhari kubwa, kwa sababu jina la mmea na matumizi yake yakishatoka mtandaoni hayarudi. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2010, inagusa jambo hili hili, yaani ridhaa ya wenye maarifa na kugawana faida, na shule isijione ndogo mno kulifuata.

Zungumzeni na malipo. Mtaalamu wa kompyuta akija shuleni analipwa. Mzee anapewa soda na asante. Mpe posho ya mtaalamu, pamoja na usafiri.

5. Siku yenyewe. Mwalimu akae miongoni mwa wanafunzi asikilize, asitumie nafasi hiyo kusahihisha madaftari huko nyuma. Kengele isimkate mzee kauli, kwa hiyo omba vipindi viwili mfululizo. Kama anafundisha kwa kutenda, nendeni shambani au mtoni.

6. Unganisha na kitabu. Wahaudenosaunee wa Amerika Kaskazini hupanda mahindi, maharage na maboga pamoja. Mmea wa mahindi unaupa mharage mahali pa kukwea, boga linafunika udongo usikauke. Mzee akishaeleza hivyo, ng'oeni mharage mmoja taratibu, msuuze mizizi. Mtaona vinundu vidogo kama vichwa vya pini. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wake wanafanya kazi ya kunasa nitrojeni. Hapo kitabu na mzee wamekutana mkononi mwa mtoto, na hakuna aliyewekwa kizimbani.

7. Pima. Kisichoulizwa kwenye mtihani wanafunzi hukiona cha kupitisha muda. Weka swali, kisha mrudishie mzee kazi za wanafunzi aone walichoelewa.

Maswali ya walimu

*Mzee akisema jambo linalopingana na sayansi, nifanye nini?*
Usimsahihishe mbele ya watoto, wala usijifanye hukusikia. Tofautisha aina ya jambo. Kama ni simulizi la asili ya ulimwengu, lifundishe kama simulizi, maana halikuja kushindana na maabara. Kama ni dai linaloweza kujaribiwa, waache wanafunzi walipime kwa idhini yake. Kama ni tiba inayoweza kudhuru, ongea naye mapema katika hatua ya nne. Mzee Albert Marshall, Mmi'kmaq wa Kanada, hufundisha kuona kwa macho mawili: jicho moja kwa nguvu ya elimu ya asili, la pili kwa nguvu ya sayansi, yote yakitumika kwa pamoja.

*Darasa langu lina watoto wa makabila mengi. Nimwite mzee wa nani?*
Anza na wenyeji wa ardhi ambayo shule imejengwa, kwa kuwa mimea na mito mnayoiona ndiyo wanayoijua. Muhula unaofuata wape watoto kazi ya kuuliza nyumbani kwao swali moja hilo hilo, mlinganishe majibu.

*Mzee wetu hataki kufundisha watoto wasio wa ukoo wake. Nimbembeleze?*
Hapana. Mau Piailug, baharia wa kisiwa cha Satawal, Mikronesia, katika Bahari ya Pasifiki, aliiongoza mashua ya Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti mwaka 1976 bila vyombo vya kupimia, kisha akawafundisha Wahawaii kusoma nyota na mawimbi. Baadhi ya watu wa kwao walimlaumu kwa kuitoa elimu nje. Uamuzi ulikuwa wake. Huyo wako naye ameshaamua. Mshukuru, endelea kumtembelea bila kuomba kitu.