Kurudisha msitu wa asili kwenye shamba lako pande za Kakamega: anza na miche iliyojificha nyasini

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ekari mbili tatu, au ukoo wenye hifadhi yao binafsi, pande za Shinyalu, Ileho au Malava, mahali palipokuwa msitu kabla ya kulimwa au kuchungiwa ng'ombe. Msitu wa Kakamega ndio mabaki makubwa zaidi nchini Kenya ya msitu wa mvua wenye undugu na ule wa Kongo. Miti yake inataka kurudi yenyewe. Kazi yetu kubwa ni kuondoa kinachoizuia, ndiyo maana inaniuma nikiona mtu amenunua miche elfu moja kabla hajalikagua shamba lake.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kununua chochote

Mvua za Aprili zikishashika, ingia nyasini polepole, piga magoti, fungua nyasi kwa mikono utafute miche ya asili iliyojiotea. Jifunze majani ya miti minne mitano tu kwanza (majina ninayotumia ni ya Kiluhya). Lusiola ana vijani viwili vya mviringo pale kikonyo kinapoungana na shina. Jani la musine ukiligeuza, upande wa chini umepauka, una rangi ya fedha. Mwiritsa, ambao wataalamu huuita Prunus africana, una kikonyo chenye wekundu, na jani lake ukilifikicha linanukia lozi chungu. Ukiunusa mara moja hutausahau.

Kila mche unaoupata, chomeka kijiti kirefu kando yake na ufunge kitambaa cha rangi kali, la sivyo mfyekaji ataukata. Palilia duara la nusu mita kuuzunguka, kisha tandaza nyasi ulizong'oa ziwe matandazo, zisiguse shina. Mche huo una mizizi tayari na umeizoea ardhi hiyo. Haukukugharimu kitu.

Na mipera? Wengi huikata yote siku ya kwanza. Mimi nasema ngoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu mipera ya mashambani jirani na msitu huu ulionyesha kwamba miche ya miti ya msituni huota chini yake, kwa sababu ndege huja kula mapera na kuacha mbegu walizokula kwingine. Punguza matawi mwanga uingie, ng'oa miche ya mpera inayochipuka, na miti mikubwa uitoe kidogo kidogo ile ya asili inapopanda juu. Kichaka cha lantana hakina msamaha huo: king'oe na mizizi yake.

Hatua ya 2: Mbegu

Palipobaki wazi ndipo pa kupanda. Ukitaka kuokota mbegu ndani ya msitu wa serikali, omba ruhusa kwanza katika kituo cha misitu. Okota chini ya miti mingi iliyoachana, si mmoja, ili miche isiwe ya mama mmoja.

Mbegu ya mwiritsa huwahi kupoteza uhai. Chukua tunda likiwa la zambarau iliyokolea, lioshe nyama yote itoke, kausha mbegu kivulini, usizianike juani, na uzisie mapema uwezavyo. Mbegu ya mti wa mutere ina ganda gumu: iloweke kwenye maji baridi siku mbili, kisha vumilia, maana huota kwa zamu na nyingine huchukua miezi. Lusiola ni rahisi: mbegu zake zina mabawa membamba, zinataka kufunikwa na udongo kidogo sana.

Hatua ya 3: Kitalu

Changanya udongo wa juu uliochotwa chini ya miti ya asili, mboji iliyoiva na mchanga kidogo. Udongo huo hubeba kuvu wanaosaidia mizizi kunyonya chakula. Jaza kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche. Inua viriba mara kwa mara na ukate mizizi iliyotokeza chini. Mwezi wa mwisho punguza maji na kivuli ili miche ikomae.

Hatua ya 4: Kupanda

Ngoja mvua ilowanishe ardhi hadi chini. Nafasi ya mita 2 kwa 2 inakupa takriban miche 1,000 kwa ekari, ukihesabu pia ile uliyoipata nyasini. Changanya aina, usipange kwa mistari. Weka mikuyu michache, kwa sababu matunda yake huita hondohondo na ndege wengine, nao huleta mbegu ambazo wewe huwezi kuzipata. Toa kiriba chote kabla ya kufukia.

Hatua ya 5: Palizi

Hapa ndipo mashamba mengi hufia. Nyasi ya sangari hunyang'anya mche maji na chakula kimyakimya. Palilia duara kila baada ya wiki sita hivi wakati wa mvua, kwa miaka miwili ya kwanza, na uzuie mbuzi kabisa. Ukiwa na pesa kidogo, panda robo ekari uipalilie vizuri kuliko ekari nzima utakayoiacha.

Matawi yakishakutana na nyasi kufa kivulini, ingiza miti inayokua polepole, kama mutukuyu, katikati ya ile iliyotangulia. Wakati huo pia unaweza kuomba kuusajili msitu wako kwa Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa mujibu wa sheria ya misitu ya 2016, upate ushauri wa kitaalamu.