SOMO: Kusoma umri na maisha ya dinosaria kwenye mfupa wake

Wakuu, nimechoka kuulizwa "wamejuaje huyu alikufa na miaka mingapi?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Kibali kwanza. Kisha picha, vipimo na nakala ya plasta, ndipo msumeno.

2. Chukua mfupa wa paja, ukate katikati ya urefu wake, si karibu na kiungo.

3. Zamisha kwenye gundi ya epoksi, kata kwa msumeno wa almasi, bandika kwenye kioo, saga hadi mwanga upite. Vaa barakoa.

4. Kabla ya kuhesabu, tazama ufumaji, yaani nyuzi za mfupa zilivyopangika. Nyuzi zilizovurugika na mishipa tele ya damu: mfupa ulijengwa haraka. Ndivyo alivyo Giraffatitan, dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu wa Tendaguru, kule Lindi. Nyuzi zilizolala sambamba, mishipa michache: alikua polepole, kama mamba.

5. Pete. Hapa ndipo nilipoaibika. Kila mwaka ukuaji ukisimama kwa muda, unabaki mstari. Nilihesabu saba, nikatangaza miaka saba mbele ya mwalimu. Akauliza, "Na zilizoliwa?" Nikabaki mdomo wazi. Mnyama akikua, uvungu wa uboho hupanuka na kula pete za utotoni. Tena mfupa hujikarabati, na tishu mpya hufuta ya zamani. Kwa hiyo unachokihesabu ni kima cha chini. Dawa yake: chukua mfupa wa mtoto wa spishi hiyo hiyo, linganisha na wa mkubwa, urudishe pete zilizopotea.
ONYO: mistari miwili iliyobanana, ukiifuata ikaungana mbele, ni mwaka mmoja.
ONYO: kutoona pete si ushahidi wa utoto. Sauropodi (dinosaria wa shingo ndefu kama Giraffatitan) wengi wakubwa hawana pete karibu maisha yote.

6. Kwenye ukingo wa nje kabisa mistari ikisongamana na mishipa ikitoweka, alikuwa amemaliza kukua.

MASWALI

Chuma_Ulete: Mkuu, kwa hiyo pete saba ni miaka saba?
— Namba 5. Soma.

Chuma_Ulete: Ila pete si zinathibitisha damu baridi?
— Hapana, wala sikuandika hivyo. Utafiti wa 2012 uliziona pete kwa wanyama wanaocheua, na hao ni wa damu moto.

BintiLindi: Jike na dume wanatofautishwa?
— Swali zuri. Kuku anayekaribia kutaga huweka akiba ya madini ya ganda ndani ya uvungu wa mfupa. Mwaka 2005 Mary Schweitzer na wenzake walitangaza tishu ya aina hiyo kwenye paja la Tyrannosaurus, dinosaria mla nyama, wa Montana, Marekani. Lakini kuna magonjwa yanayofanana nayo, kwa hiyo kagua zaidi ya mfupa mmoja. Na asipokuwa nayo, usimwite dume. Pengine hakuwa msimu wa kutaga.

BintiLindi: Na wa majini je?
— Waliokaa maji ya kina kifupi wengi walikuwa na mifupa mizito, kama nanga mwilini. Ichthyosauri, reptilia wa kale walioogelea bahari kuu, mifupa yao imejaa vitundu kama sponji.

FundiMsasa: Naweza kujifunzia mfupa wa supu?
— Ndiyo, wa mbuzi mzee. Wa kuku achana nao, huchinjwa mapema mno.

FundiMsasa: Mafuta naondoaje? Nilitia jiki ukawa kama chaki.
— Jiki hula mfupa. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ubadilishe kila siku hadi mafuta yaache kuelea.