Somo: Kuku wetu na baridi ya Juni hadi Agosti

Habari zenu wafugaji wenzangu. Hapa Njombe asubuhi nyasi zimeanza kuwa nyeupe kwa sakitu, na simu ni zile zile za kila mwaka: "Dada, nimeziba banda lote, mbona kuku wanakoroma?" Wanakoroma kwa sababu umeziba. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na usiku akitutumua manyoya anavumilia baridi kuliko sisi. Kinachomwangusha ni unyevu, hewa nzito ya kinyesi na upepo unaompiga moja kwa moja.

Hatua ya 1: Banda. Ziba upande unaopigwa na upepo, kuanzia chini hadi juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Viroba vya salfeti au mianzi iliyopasuliwa inatosha kabisa. Juu, chini ya bati, acha uwazi wa kama shubiri moja pande zote mbili na usiuguse. Alfajiri, kabla hujafungua, ingia uchuchumae kimo cha kuku. Macho yakiwasha, au matone yakikudondokea kutoka kwenye bati, ongeza uwazi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Sakafu. Maranda huku kwetu hayana shida, mashine za mbao zipo kila kona. Chukua maranda yenyewe, vumbi laini la msumeno liache. Mwaga unene wa inchi 4, geuza kila baada ya siku mbili. Fumbata kiganjani: yakishikana kama tonge, yamelowa, yatoe. Yakimwagika, yako sawa.

Hatua ya 3: Pa kulala. Weka mbao ya mbili kwa nne, upande mpana ukae juu. Kuku akikaa hapo tumbo linafunika vidole. Kwenye fito nyembamba vidole vinabaki nje usiku kucha.

Hatua ya 4: Chakula. Wataongeza kula, usiwabanie. Jioni, muda wa kama saa moja kabla hawajapanda kulala, warushie mahindi ya punje, wayasage taratibu usiku huku miili inapata joto. Asubuhi wape maji ya uvuguvugu.

Hatua ya 5: Vifaranga. Hapa naomba msome polepole. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yakamilike. Kipimajoto kizuri ni wao wenyewe: wakirundikana na kulia, baridi, wakikimbilia pembeni huku wanahema midomo wazi, joto, wakitawanyika wanakula, lala.

Mwaka 2019 niliingiza vifaranga 100 mwezi wa saba. Usiku ule kulikuwa na baridi kali, nikawawekea jiko la mkaa, nikaziba dirisha kwa blanketi nikidhani nawahurumia. Asubuhi 38 walikuwa wamekufa, wamelala wametawanyika vizuri kama wamesinzia. Hawakufa kwa baridi. Ile hewa ya mkaa haina rangi wala harufu. Tangu siku hiyo mkaa nauwasha nje mpaka uwe mwekundu wote, na hata hivyo dirisha la juu linabaki wazi kidogo usiku kucha. Na mtu asilale chumba hicho. Kama vifaranga ni wachache, dumu la lita 5 la maji ya moto lililofungwa kitenge, ndani ya boksi, ni salama zaidi. Badilisha maji usiku wa manane.

MASWALI

*Shikamoo dada. Niko Makete, kuku wa mayai wamepunguza kutaga. Nifunge taa?*

Marahaba mdogo wangu. Mwezi wa sita mchana wetu una urefu wa kama saa 11 na nusu, na kuku wa kisasa wa mayai anataka mwanga wa saa 14 hivi. Taa itasaidia, iwashe alfajiri ili jioni giza lisiwakute chini. Lakini kwanza pima chakula, maana chakula kile kile cha Machi sasa kinaishia kwenye kutafuta joto.

*Jogoo wangu ana madoa meusi kwenye upanga. Ni baridi?*

Yaguse. Kama ni magamba makavu yaliyoinuka, na vifaranga wanayo karibu na macho, hiyo ni ndui. Watenge, na wazima wachanjwe.

*Wangu wamevimba uso, puani panatoka ute unaonuka. Nimpe kitunguu saumu?*

Kaka, hayo ni mafua makali ya kuku, mwite mtaalamu wa mifugo leo. Tenga wagonjwa na vyombo vyao vya maji.

*Chanjo ya kideri nayo isubiri baridi ipite?*

Usisubiri, kideri hupenda sana majira haya ya ukavu. Ile ya matone, I-2, ni tone moja jichoni kwa kuku mzima, unarudia kila miezi mitatu. Mimi nachanja usiku wakiwa wamelala, mmoja anashika tochi, mwingine anashika kuku.