Namna ya Kufunga Farasi Wawili kwenye Gari la Kale la Shambani

Wageni wanaofika kwenye shamba la makumbusho ninakofanya kazi, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, huuliza kwanza farasi wetu wanaweza kuvuta kilo ngapi. Huwajibu kwamba kuvuta ndiyo sehemu rahisi. Gari tupu lenyewe hukaribia nusu tani, na likishapakiwa nyasi na kuanza kuteremka mlima, kitu pekee kinacholizuia lisiwapande farasi miguuni, mbali na breki, ni mikanda michache ya ngozi na kipande cha mti kinachoning'inia chini ya shingo zao. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yangu ya kila asubuhi, nami nitakaa zaidi pale penye hatari.

Gari ninalolizungumzia ni la magurudumu manne, la aina iliyotengenezwa kwa wingi na viwanda kama Studebaker, kampuni iliyoanzishwa South Bend, Indiana, mwaka 1852 na iliyojenga magari ya farasi kwa miongo mingi kabla ya kuhamia magari ya injini. Farasi wetu ni Percheron, aina iliyotoka eneo la Perche nchini Ufaransa, na kila mmoja ana uzito wa takriban kilo 800. Kwetu Afrika Mashariki farasi hawakuzoeleka kwa kazi hii, kwa kuwa maradhi yanayoenezwa na mbung'o yaliwaua mapema katika maeneo mengi. Hata hivyo, aliyewahi kufunga maksai au punda atayatambua mengi.

Hatua ya 1: Kagua magurudumu

Gurudumu la kale ni la mbao, nalo limebanwa na pete ya chuma ambayo fundi huivalisha ikiwa ya moto ili ikipoa isinyae na kukaza kila kiungo. Mbao zikikauka, pete hulegea. Igonge kwa nyundo ndogo kuizunguka yote: iliyokaza hulia kama kengele, na iliyolegea hutoa mlio mfu. Wapo wanaolitumbukiza gurudumu mtoni usiku kucha ili mbao zivimbe, nami nilifanya hivyo kwa msimu mmoja, lakini nyuzi za mbao zinazovimba huku zimebanwa na chuma huvunjikavunjika ndani kwa ndani, na gurudumu likikauka tena hulegea kuliko mwanzo. Dawa ya kweli ni kumpelekea fundi aipunguze pete na kuivalisha upya, kisha kuzipaka mbao mafuta ya kitani.

Baada ya hapo inua kila ekseli kwa jeki, toa gurudumu na upake grisi. Kumbuka kwamba nati za upande wa kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na ulivyozoea; ziliundwa hivyo ili mzunguko wa gurudumu uzikaze badala ya kuzilegeza.

Hatua ya 2: Valisha kola

Farasi huvuta kwa kusukuma kola, yaani mto mnene wa ngozi unaozunguka shingo yake, kwa mabega, kwa hiyo kola isiyomfaa itamjeruhi hata kama mzigo ni mwepesi. Akiwa amesimama wima, kiganja chako kilicholala bapa kipite kati ya sehemu ya chini ya kola na koo lake, na vidole vyako vipite ubavuni bila kulazimishwa. Ikibana kooni atakosa pumzi. Ikiwa pana itachezacheza na kumchubua. Kila farasi ana kola yake, na ipimwe tena akinenepa au akikonda.

Juu ya kola hukaa vyuma viwili vilivyopinda, ambavyo minyororo ya kuvutia hufungwa kwao. Vikaze sana. Kisha funga mkanda wa tumbo na mkanda mpana unaopita nyuma ya mapaja, ambao ndio breki ya farasi. Minyororo ikiwa imenyooka, mkanda huo uache nafasi ya kiganja tu. Ukiwa mlegevu, gari litapata mwendo kabla farasi hajalihisi, nalo litamgonga kwa kishindo. Mwisho wa yote, valisha lijamu na hatamu.

Hatua ya 3: Waunganishe na gari

Hapa mpangilio haubadilishwi hata siku moja. Waweke farasi huku na huku ya mti mrefu unaotokeza mbele ya gari, hatamu zikiwa tayari mkononi mwako au mwa msaidizi. Anza na nira ndogo ya mbele, kile kipande cha mti kinachoning'inia chini ya shingo zao: ifunge kwenye mikanda ya vifua vyao, kisha pitisha pete yake kwenye ncha ya mti. Ndipo ufunge minyororo kwenye mti wa mizani ulio mbele ya gari, unaogawa mzigo sawasawa kati yao.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilianza na minyororo. Nzi mmoja akamwuma farasi wa kulia, wote wawili wakapiga hatua mbele, na ule mti, ambao haukuwa umeshikwa na kitu, ukadondoka na kuchimba udongo. Bahati yangu ilikuwa kwamba walisimama nilipowaita. Wangeendelea, mti ungechoma ardhi na gari zima lingewaangukia.

Angalia pia urefu wa minyororo. Ikizidi, farasi wakivuta nira itateleza mbele hadi pete ichomoke kwenye ncha ya mti. Minyororo inapaswa kukaza kabla pete haijafika huko.

Hatua ya 4: Endesha na upumzishe

Farasi mwenye mazoezi anaweza kudumisha, kutwa nzima, nguvu ya kuvuta inayokaribia sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani takriban kilo 160 kwa jozi yetu. Kwenye barabara ngumu hiyo inatosha kusogeza mzigo mkubwa, lakini matope hubadilisha hesabu yote. Anza taratibu, hatamu zikikaza kidogo, na kabla ya mteremko kaza breki mapema.

Hatua ya 5: Fungua

Rudi kinyume: minyororo kwanza, kisha nira, hatamu zikibaki mkononi hadi mwisho. Ukiondoa kola, tazama mabega kabla jasho halijakauka. Doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa linaonyesha mahali kola inapogandamiza kupita kiasi, na farasi huyo hafungwi tena mpaka kola irekebishwe.