Kibanda kimechorwa X na mradi ni wa Benki ya Dunia: namna ya kulalamika

Ukikuta X nyekundu ya kubomolewa mlangoni pako Mukuru au Mathare, mitaa ya mabanda ya Nairobi, piga picha siku hiyo hiyo, namba ya nyumba ya jirani ionekane. Kisha uliza pesa za mradi ni za nani. Ubao wa mradi kwa kawaida humtaja mfadhili. Ikiwa ni Benki ya Dunia, utafute mradi huo kwenye tovuti yao; kila mmoja una namba inayoanza na P, ikifuatwa na tarakimu 6.

Pakua mpango wa kuhamisha watu. Ndani yake tafuta vitu viwili: jedwali la nani analipwa nini, na tarehe ya ukomo. Aliyehamia baada ya tarehe hiyo hana dai. Aliyekuwepo kabla analo, hata bila hati ya ardhi, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa bure. Kanuni za Benki zilizoanza kutumika Oktoba 2018 zinasema, katika kanuni ya 5, kwamba mtu wa aina hiyo asaidiwe kuhama na alipwe jengo lake kwa bei ya kujenga upya, bila kukatwa uchakavu. Ardhi yenyewe hatalipwa.

Lalamika kwanza kwa ofisi ya mradi, kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri. Wasipokujibu, iandikie ofisi ya Benki iliyo Upper Hill. Hatua hii usiiruke: Jopo la Ukaguzi, chombo huru cha Benki cha kupokea malalamiko kilichoundwa 1993, litakuuliza kama Benki yenyewe iliambiwa.

Barua kwa Jopo inaweza kuwa ya Kiswahili. Itiwe sahihi na watu 2 au zaidi wanaoishi eneo la mradi. Eleza madhara, taja namba ya mradi, ambatisha barua zenye muhuri na picha. Mkiogopa kulipiziwa kisasi, ombeni majina yafichwe.

Jopo halilipi mtu wala halizuii tingatinga. Huchunguza kama Benki ilivunja kanuni zake, likaripoti kwa wakurugenzi wa Benki. Wamaasai wa Olkaria walipolalamika 2014 kuhusu mradi wa umeme, uchunguzi ulifuatwa na upatanishi.

Pesa zikiwa za IFC, tawi la Kundi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, peleka kwa CAO, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya IFC. WTO, Shirika la Biashara Duniani, usipoteze muda nayo. Hupokea kesi zinazofunguliwa na serikali tu.