Mtoto akilia hanyamazi na wewe umechoka, mlaze utoke kidogo
Mama uliyejifungua juzi, sikia hii. Umeshamnyonyesha, umemcheulisha, nepi kavu, umembeba umezunguka nae chumba kizima na bado analia mpaka uso umekuwa mwekundu na ngumi kazikunja, na wewe unaona mikono inaanza kutetemeka kwa hasira, basi mlaze chali kwenye kitanda chake, usiache mto wala shuka zito karibu, toka nje ya chumba dakika 5 hadi 10, nawa uso, kunywa maji, ndo urudi. Hujamtupa mwanao jamani! Kulia hakumuui, ila kumtikisa hata mara moja kunaweza kumuumiza ubongo.

Kilio huwa kinapanda mpaka kama wiki ya 6 halafu kinapungua, wengi wakifika miezi 3 au 4 wametulia. Ila akiwa na joto la 38 kwenda juu, au amegoma kunyonya, hiyo ni hospitali fasta.

Na wewe ukiona machozi na huzuni vimepita wiki 2, mwambie nesi au daktari, usikae nayo moyoni.