Somo: Kabureta ya RX-7 yenye 12A (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Wakuu, salamu. Kila wiki napokea swali lile lile: "Nina RX-7 ya zamani, kabureta imechoka, niweke ipi?" Nimechoka kulijibu kipande kipande, kwa hiyo hili hapa lote. Ni kwa Mazda RX-7 za 1978 hadi 1985 zenye injini ya 12A, injini ya rotari: haina pistoni, ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya hausingi (nyumba yake). Mwenye 13B (rotari kubwa zaidi) ya kabureta atafuata njia hiyo hiyo, ila hesabu zake ni tofauti.

1. Hakikisha Nikki yako imekufa kweli. Kabureta hiyo ya kiwandani ina matundu manne: mawili madogo yanatangulia, mawili makubwa yanafunguka ukikanyaga zaidi. Kwa gari ya kwenda kazini na kurudi sijaona kabureta ya Weber inayoishinda kwa utulivu. Nyingi zinazoitwa mbovu zina jeti (vijitundu vya kupimia petroli) chafu, gasketi zilizokauka au boya lililotoboka.

2. Piga hesabu ya hewa. 12A ni cc 1146, lakini inazivuta zote kwa mzunguko mmoja wa shafti. Injini ya pistoni inahitaji mizunguko miwili kumaliza cc zake. Kwa hiyo 12A inavuta hewa kama injini ya pistoni ya cc 2292. Kwenye mizunguko 7000 kwa dakika, hiyo ni kama lita 8000 za hewa kila dakika. 13B yenye cc 1308 inavuta kama lita 9150.

3. Chagua. Kabureta ya Holley ya 465 (namba ni futi za ujazo za hewa kwa dakika) inapitisha kama lita 13,000 kwa dakika, kwa hiyo inatosha na kubaki. Tafuta ile ambayo matundu yake ya pili yanafunguliwa na vakyumu (mvuto wa hewa ya injini). Anayeweka 750 kwenye 12A ya mtaani ananunua gari isiyotaka kuondoka kwenye taa. Weber DCOE ya 45 au 48, au Dellorto ya 48 (namba ni milimita za tundu), inalisha kila rota kwa tundu lake na vipepeo (milango ya hewa) vyote viwili vinafunguka pamoja. Huko juu ni raha tupu. Huko chini utaipenda tu ukiweka venturi (sehemu nyembamba ndani ya tundu) ndogo. Weber 48 IDA ni ya mashindano, na wengi mnaitaka kwa sababu ya picha.

4. Manifoldi (kipande kinachounganisha kabureta na injini) iwe ya 12A. Ya 13B haikai, rota zake ni pana zaidi: milimita 80 dhidi ya 70.

5. Presha ya petroli: Weber psi 3, Holley 5 hadi 6. Weka regileta na geji.

6. OILI. Hapa someni polepole, maana injini zinafia hapa.
Kila rota ina sili tatu za ncha, moja kila pembe, zinazosugua hausingi muda wote. Oili ya kuzilainisha inaletwa na pampu ndogo iliyo mbele ya injini. Mabomba yake membamba yanaingia kwenye Nikki, oili inaungana na petroli na kwenda kuchomwa. Pampu hiyo ina fito iliyoshikana na mfumo wa akseleta, kwa hiyo ukikanyaga zaidi inatoa oili zaidi. Ukitoa Nikki, mabomba hayana pa kuingia na fito haina pa kushika. Gari itawaka vizuri tu. Taa ya oili haitawaka, kwa sababu presha ya oili ya injini haijaguswa, na wakati huo sili zinasugua zikiwa kavu. Injini ya namna hiyo ikifunguliwa, pitisha kucha kwenye hausingi: utahisi mawimbi, tak tak tak, kama bati la paa. Sili nyingine inatoka vipande viwili.
Njia ni mbili. Ama utengeneze adapta ya mabomba na kuunganisha fito upya, ama uzibe pampu kwa bamba na uchanganye oili ya tu-stroki kwenye tangi: mililita 8 kwa kila lita ya petroli. Lita 40, mililita 320. Mimina oili kwanza, petroli ifuate. Bandika karatasi kwenye kifuniko cha tangi, kwa sababu siku moja mdogo wako ataazima gari na kujaza petroli kavu.
Usiache pampu wazi bila bamba. Itamwaga oili.

7. Joto. Kwenye injini hii ekzosi na kabureta ziko upande mmoja, ekzosi chini. Weka spesa nene ya bakelaiti na bati la kukinga joto. Bomba la petroli linalovuja hapo ni moto, sitanii.

8. Anza na jeti kubwa, shuka taratibu. Ukikanyaga mwisho, lenga petroli sehemu 1 kwa hewa 12.5 hadi 13. Mchanganyiko mwepesi unaleta mlipuko wa mapema, na sili za ncha haziuvumilii.

MASWALI

Mdau, Mwanza: Mkuu, nina kabureta ya Corolla 4K ipo tu ndani. 4K ni cc 1290, 12A ni 1146. Si itatosha?
Jibu: Hatua ya 2.

Mdau, Mwanza: Nimesoma, bado sijaelewa.
Jibu: 4K inavuta 1290 kwa mizunguko miwili. 12A inavuta 2292 kwa hiyo hiyo miwili. Itawaka, ila juu utakuwa umeiziba pua.

Mdau, Dar: Nimefunga Weber wiki iliyopita. Oili nitaanza kuchanganya mshahara ukitoka.
Jibu: Zima gari.

Mdau, Tanga: Samahani kaka, pampu ya kiwandani inatumia oili ya injini. Kwa nini sisi tuchanganye ya tu-stroki?
Jibu: Swali zuri, dada. Kiwanda kilitumia oili iliyokuwa tayari ndani ya injini, dereva asihangaike. Lakini oili hiyo ikiungua inaacha majivu zaidi, na haikutengenezwa kuyeyuka kwenye petroli. Ya tu-stroki imetengenezwa kwa kazi hizo mbili. Tafuta yenye alama JASO FC au FD. Huko Tanga ulizia kwa wenye boti ile ya TC-W3, nayo inafaa. Ukikwama njiani, ya injini ni bora kuliko kukosa kabisa.

Mdau, Arusha: Gari yangu ilisetiwa vizuri Dar, huku inatoa moshi mweusi na plagi nyeusi. Kabureta imeharibika?
Jibu: Hapana. Mko kama mita 1400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta haijui. Mchanganyiko unakuwa mzito kwa kama asilimia 7. Jeti kuu ikiwa 180, jaribu 175. Ila ukishuka pwani rudisha 180 KABLA hujaanza safari. Huku chini ile ndogo ni hatari.

Mdau, Arusha: Asante mkuu. Na asubuhi nikiisogeza kidogo tu getini nikaizima, haiwaki tena.
Jibu: Hiyo haihusu kabureta. Petroli imeosha oili kwenye sili, kompresheni imepotea. Toa plagi za chini, ziba petroli, piga stata itapike, weka oili kidogo kwenye matundu ya plagi, rudisha, washa. Itafuka moshi mtaa mzima, usiogope. Na ukiiwasha ikiwa baridi, iache ipate moto ndipo uizime.

Mdau, Moshi: Weber bei gani?
Jibu: Siuzi.